Fizikia E, nimechaguliwa Uuguzi, moyo uko kwenye udaktari. Nithibitishe chuo au nirisiti, yaani nirudie mtihani? Nipo Tanga

#1 Binti wa Makorora

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za usiku.

Naandika nikiwa kibarazani kwetu Makorora, saa nne imepita, mama kashaloweka mbaazi za asubuhi na nyumba nzima imelala. Nina siku sita za kuamua jambo na usingizi hauji. Maelezo ni marefu, mnivumilie.

Nimemaliza kidato cha sita Mei mwaka huu, kombi PCB, shule ya serikali ya bweni ambayo sitaitaja. Matokeo yalitoka Julai nikiwa kambini JKT, tukayaangalia kwa zamu kwenye simu moja. Kemia C, Baiolojia D, Fizikia E. Daraja la pili, pointi 12. Wenzangu wakanipongeza, na mimi nikafurahi mpaka jioni, pale dada mmoja anayeyajua mambo ya TCU, tume ya vyuo vikuu, aliponikalisha chini akanipigia hesabu.

Kwa wasiojua: NECTA, baraza la mitihani, pointi zikiwa chache ndiyo vizuri, A ni 1 na F ni 7. TCU wanageuza, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo C, D na E yangu ni 3 na 2 na 1, jumla 6. Sifa ya chini ya udaktari wa binadamu ni pointi 6 hizo hizo. Ila kuna sharti juu yake, kwamba Fizikia, Kemia na Baiolojia hakuna hata moja inayoruhusiwa kushuka chini ya D. Pointi ninazo. Sharti sina.

Nikaomba shahada ya Uuguzi, maana kule wanataka Kemia C, Baiolojia D, na Fizikia hata E inapokelewa. Ni matokeo yangu herufi kwa herufi. Nimechaguliwa vyuo viwili, natakiwa nithibitishe kimoja kabla dirisha halijafungwa wiki ijayo. Na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa mtihani wa Mei nao hausubiri. Siku ni hizo hizo.

Kwa nini nang'ang'ania udaktari. Mdogo wangu wa kiume ana selimundu. Tangu akiwa na miaka mitatu sisi tunaijua hospitali ya Bombo kuliko tunavyolijua soko la Mgandini. Usiku mmoja, mimi nikiwa kidato cha pili, maumivu yalimkamata miguuni mpaka akawa hawezi kufunikwa shuka. Alipotulia, daktari mmoja kijana akanikuta nimekaa chini pembeni ya kitanda. Akachana kipande cha boksi la glovu, akanichorea seli mbili kwa kalamu. Moja duara, iliyobonyea katikati. Nyingine imepinda kama mundu. Akasema hii ya duara inajikunja na kupita kwenye mshipa mwembamba, hii ya mundu inakwama, na inapokwama ndipo mdogo wako anapolia. Kile kipande cha boksi ninacho mpaka leo ndani ya kava la daftari.

Baba anavua, anashushia Sahare. Mama anauza mbaazi na mahamri. Baba kasema niamue mwenyewe, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Mama hasemi kitu, ila juzi nilimsikia anamuuliza jirani mtihani wa kurudia unalipiwa shilingi ngapi.

Nirudie au niende? Aliyewahi kusimama hapa nilipo naomba anieleze ilikuwaje. Nawasilisha.

#2 Kaka wa Bandarini

Mdogo wangu, hongera kwanza, Two ya PCB si mchezo.

Thibitisha chuo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jirani yangu hapa Mabawa alipata kama wewe, akakataa chuo, akarisiti. Mwaka wa kwanza akapata vile vile. Wa pili akashuka. Sasa hivi miaka mitatu imekwenda, waliomaliza naye wanakaribia kuvaa joho, yeye hata mitaani anapita njia za uchochoroni. Kukaa nyumbani na kusoma ni vitu viwili visivyopatana, hasa kwa mtoto wa kike. Kila mgeni akibisha wewe ndiye wa kupika chai.

#3 Sista wa Zamu ya Usiku

Nimesoma mpaka mwisho na nina neno.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 huu kazini. Nimeshawapokea wanafunzi wengi wa uuguzi wodini, na wale wanaokuja wakiwa wameukosa udaktari nawatambua wiki ya kwanza. Wanatazama faili kabla ya kumtazama mgonjwa. Wengine hubadilika wakawa wauguzi wazuri kupindukia. Wengine hawabadiliki, na anayeumia ni mgonjwa.

Uuguzi si udaktari uliopungua. Shahada ni miaka minne na mwaka wa mazoezi, unasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, una kazi yako na maamuzi yako. Naomba nikuulize, na ujijibu kwa ukweli. Daktari alichora seli akaondoka, ana wodi nyingine. Mpaka asubuhi nani alikaa na mdogo wako? Nani aliyekuwa anabadilisha dripu, anampima joto, anamgeuza? Unamkumbuka?

#4 Mchana Hostelini

Niko mwaka wa nne wa MD, shahada ya udaktari, Dar. Kwetu ni Muheza, kwa hiyo sisi ni wa nyumbani.

Dada, kuna kitu watu hawakuambii. Ile D tatu ni sifa ya kuomba, haikuhakikishii nafasi. Vyuo vya serikali nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi, wanaanza kuchukua kutoka juu. Darasani kwetu waliopata D ya Fizikia wapo, lakini wana A au B kwingine. Ukirudia ukapata C, D, D una pointi 7, umefuzu kwenye karatasi, halafu unajikuta mlango uliobaki wazi ni chuo binafsi chenye ada ya mamilioni kwa mwaka, na mkopo unaweza usiifunike yote.

Kwa hiyo swali lako usilifanye la Fizikia peke yake. Jiulize kama unaweza kuleta B mbili na C. Kama jibu ni ndiyo, rudia yote matatu. Kama unarudia ili uokoe herufi moja, mimi naona usirudie.

Na hiyo Baiolojia D ilitokana na nini? Mtu aliyetunza kipande cha boksi hapati D ya Baiolojia hivi hivi.

#5 Mwalimu wa Chumbageni

Nimefundisha Fizikia miaka 31, nimestaafu, nipo hapa hapa Tanga.

Mwanangu, nimewasoma wote waliotangulia na wote wamekujibu kabla hawajakuuliza. Wewe mwenyewe umesema "Fizikia E" kana kwamba E ni jina la ugonjwa. E ni maksi 40 mpaka 49. Aliyepata 40 na aliyepata 49 wanaonekana sawa kwenye karatasi, na D inaanzia 50. Tena 45 ya mtu aliyefundishwa kila mada na 45 ya mtu aliyefundishwa nusu ni watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza nitamwambia nenda chuo. Wa pili nitamwambia tukae tuzungumze.

Naomba ufanye hivi kabla hujamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo. Tafuta karatasi ya Fizikia 1 na Fizikia 2 za mwaka ambao hukuwahi kuzifanya. Kesho Jumamosi nenda maktaba ya mkoa, weka simu kwenye mkoba, fanya ya kwanza kwa muda wa saa tatu, bila kitabu. Jumapili fanya ya pili nyumbani, mama akushikie saa. Usahihishe kwa ukali. Usiniletee jumla tu, niletee maksi za kila swali na mada yake.

Na unijibu hili: mlikuwa na mwalimu wa Fizikia miaka yote miwili?

#6 Binti wa Makorora

Shikamoo mwalimu. Shikamoo sista.

Sista, swali lako limenikalisha. Namkumbuka. Alikuwa mama mnene kidogo, akimwita mdogo wangu "mume wangu" ili acheke. Saa tisa usiku alimletea uji wake mwenyewe. Nimejiuliza leo kutwa nzima kama ningetaka kuwa yeye. Nampenda mpaka leo. Lakini nikisema ukweli, nilipokuwa nimekaa pale chini, kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni kwa nini seli inapinda, na kwa nini inapinda leo na jana haikupinda. Sijui kama hilo linatosha kuwa sababu.

Mwalimu, kidato cha tano tulikuwa naye, tena mzuri sana. Alihamishwa tulipofunga shule kuingia cha sita. Mpaka tunafanya mtihani hakuja mwingine. Tulikuwa tunafundishana wenyewe, na likizo moja wazazi walichanga tukapata kijana wa chuo wiki mbili.

Kwenye praktiko nilipangiwa swali la umeme. Galvanomita, kifaa cha kupima umeme, nilikuwa naijua kwa mchoro wa kwenye kitabu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuigusa. Sindano ilikuwa inakwenda upande mmoja tu, kila ninaposogeza inakwenda upande ule ule, na mimi sikujua kama hiyo maana yake waya nimeunga vibaya. Nilikaa nayo dakika arobaini. Nikaandika namba za kubuni, grafu ikatoka mstari ulionyooka kabisa, nikajua na msahihishaji atajua.

Kaka wa MD, Baiolojia naielewa. Insha ndiyo inayonishinda, Kiingereza chake. Naijua figo inavyochuja, naweza kukueleza hapa kwa Kiswahili bila kusita. Nikianza kuandika, sentensi ya pili nishapotea, naishia kuorodhesha.

Kesho asubuhi naenda maktaba.

#7 Tabibu wa Mkinga

Mnasahau njia ya tatu, ambayo ndiyo niliyopita mimi.

Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, unaomba kwa cheti cha kidato cha nne, ukiwa na ufaulu wa angalau D katika masomo manne, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo. Ukimaliza na wastani wa B, na kidato cha nne una D za Hisabati, Kiingereza na hayo ya sayansi, unaomba MD kwa sifa linganishi, hakuna atakayekuuliza E ya kidato cha sita. Hesabu yake ni mitatu na mitano, minane. Ukirisiti na ukafaulu ni mmoja na mitano, sita. Tofauti ni miaka miwili, lakini katika njia yangu baada ya mitatu ya mwanzo tayari una taaluma mkononi.

Mimi nilifanya kazi zahanati kabla sijarudi kusoma. Usiku mmoja wa masika aliletwa mtoto kwa pikipiki, amelegea, macho yamegeuka juu. Kipimo cha malaria kikasoma mistari miwili kabla hata sijamaliza kumtafutia mshipa. Nikamchoma artesunate, nikakaa naye mlangoni tukisubiri gari la kumpeleka hospitali, mama yake kanishika mkono wa shati hakuuachia. Sikuwa daktari, nilikuwa tabibu wa miaka 24. Yule mtoto sasa anasoma darasa la tano. Leo nikiwa darasani mhadhiri akitaja malaria kali, wenzangu wanaandika. Mimi nasikia ule mkono kwenye shati.

Simwambii binti aje huku. Namwambia asidhani mlango ni mmoja.

#8 Mama Wawili wa Usagara

Mimi nilimlazimisha mwanangu arudie. Alitaka kusoma ualimu, nikakataa, nikamwambia nyumba hii itatoa daktari. Alirudia kwa ajili yangu na akafeli kwa ajili yangu. Mwaka ule hatukuzungumza vizuri hata siku moja. Sasa ni mwalimu wa Kemia na anaipenda kazi yake. Mwanangu, kama baba yako kakwambia uamue mwenyewe, amekupa kitu kikubwa kuliko ada. Usiogope.

#9 Kaka wa Bandarini

Mwalimu, kwa heshima yako, hayo ya kufanya karatasi ni mazuri, lakini vipi pesa? Na vipi mkopo? Akikataa nafasi sasa, mwakani Bodi watamkubali?

#10 Mchana Hostelini

Hilo la Bodi lisimtishe. Wanaangalia mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano, mwaka mmoja haumtoi. Matokeo yake ya sasa pia hayafutwi. Akirudia anapata namba mpya inayoanza na P badala ya S, na cheti cha mwanzo kinabaki chake.

Kinachonitisha mimi ni ile njia ya katikati, ambayo naona wengi wanaipenda: kuingia chuo, kula bumu, hela ya mkopo, mwaka mmoja huku unajiandaa kurisiti kimya kimya, halafu unaacha. Usifanye hivyo. Mkopo uliouchukua unabaki deni lako, nafasi uliyoikalia ilikuwa ya mtu, na hakuna utakachosoma vizuri, si huku wala kule. Mwenzangu wa chumba alijaribu. Alikuwa anasoma Fizikia ya kidato cha sita chini ya taa ya simu wakati wenzake wanajiandaa na majaribio. Alidisko chuo, yaani aliondolewa kwa kufeli, na mtihani wenyewe hakuufanya.

Amua moja.

#11 Binti wa Makorora

Jumapili, saa tatu usiku. Nimemaliza zote mbili. Karatasi sikuwa nimeziona kabla, nilimwomba binamu anichagulie mwaka.

Fizikia 1, maktaba: 56 kati ya 100. Mekanika nimepata karibu yote. Joto vizuri. Umeme wa mkondo nusu nusu. Elektroniki mbaya.

Fizikia 2, nyumbani, mama kashika saa: 21. Hii ndiyo naiandika kwa kila swali kama ulivyosema. Mtiririko wa vimiminika 11 kati ya 20. Tabia za maada 6. Mitetemo na mawimbi 4. Umeme tuli sifuri. Usumakuumeme sifuri. La fizikia ya atomu sikuligusa, na hata ningeligusa ni sifuri.

Nilipomaliza kusahihisha nililia kidogo. Mama akaniuliza umefeli tena? Nikamwambia hapana, nimegundua kitu. Nikachukua daftari langu la kidato cha sita nikamwonyesha. Umeme tuli, ukurasa mmoja. Usumakuumeme, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula, chini yake patupu. Nilikuwa nimeuacha ukurasa nikisubiri mwalimu aje.

#12 Mwalimu wa Chumbageni

Marahaba mwanangu, na pole kwa machozi.

Sasa tuzungumze. Karatasi ya kwanza na ya pili ni 100 kila moja, praktiko 50, jumla 250. Una 56 na 21. Praktiko ya namba za kubuni tuikadirie 25, nimekuonea huruma hapo. Jumla 102. Gawanya kwa 250, ni kama 41. Ndiyo E yako, imeonekana ilikotoka.

Sasa tazama. Karatasi ya kwanza iache pale pale 56. Praktiko, ukishika vifaa vyenyewe miezi michache, 35 haina ubishi. Karatasi ya pili ipandishe mpaka 50 tu. Jumla 141. Hiyo ni 56, D. Na nimehesabu kwa ubahili. Yule atakayezisoma zile mada tatu kwa mara ya kwanza maishani mwake hasimami kwenye 50, maana hana makosa ya zamani ya kung'oa. Wewe hujawahi kuzifeli hizo mada. Hujawahi kufundishwa. Kwa Fizikia, hutakuwa unarudia kitu.

Lakini kijana wa MD kasema kweli na sitaki nikufiche. D haitoshi kwa ndoto yako. Lazima Kemia na Baiolojia nazo zipande, na hiyo ya insha ni kazi ngumu kuliko usumakuumeme, kwa sababu lugha haijengwi kwa wiki mbili. Kila siku insha moja, kwa mkono, kwa saa. NECTA wanatoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, uko kwenye tovuti yao bure. Wanaweka jibu zuri na jibu baya lililoandikwa na mtahiniwa mwenyewe, na sababu. Wachache wanausoma. Usome kama msahafu, hasa wa Baiolojia.

Kituo cha mtihani. Usijisajili popote kwa sababu ni karibu au ni nafuu. Ingia uione maabara kwa macho yako. Uliza vifaa, uliza kama watahiniwa wa kujitegemea mnaruhusiwa kufanya mazoezi au mnaletwa siku ya mtihani tu. Wakikuzungusha, ondoka.

Mimi nina vijana watano, wavulana wawili na wasichana watatu, tunakaa maktaba Jumatatu na Alhamisi jioni. Sitozi. Siku ya kwanza uje na mzazi.

#13 Sista wa Zamu ya Usiku

Nimesoma ulivyonijibu na nimeridhika. Nilitaka tu usije kwetu kwa kukosa pa kwenda. Sababu yako inatosha. Anayeuliza kwa nini seli inapinda leo na jana haikupinda, mwache akaulizie mahali pake.

Ila ahidi jambo moja. Ukiwa daktari, saa tisa usiku ukimaliza kuchora, usiondoke kabla hujamuuliza muuguzi mgonjwa amelalaje. Anajua vitu ambavyo havipo kwenye faili lako.

#14 Kaka wa Bandarini

Mimi bado naona ni hatari na siwezi kujifanya nimebadilika. Ukifeli Mei utakuwa huna chuo wala mwaka, na waliokushauri hapa watakuwa kwenye uzi mwingine.

Lakini ukurasa mtupu umenigusa. Kama unarudia, usisomee nyumbani. Ofisini kwetu kuna chumba cha mbele kina meza na feni, jioni hakina mtu zaidi ya mlinzi na mama wa usafi. Nitamwomba bosi. Akikubali, uje na wenzako hao wa mwalimu, si peke yako.

#15 Binti wa Makorora

Habari za leo wapendwa. Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha, nimeona niwaambie mwenyewe.

Jana baada ya swala ya alasiri nilimfuata baba Sahare. Alikuwa anashona wavu. Nikamweleza kwa hesabu ya mwalimu, 102, 141, nikiandika kwa kidole mchangani. Baba hakusoma zaidi ya darasa la saba. Aliitazama ile hesabu muda mrefu, akauliza: hizo mada tatu mtu akikufundisha unazielewa? Nikasema sijui, sijawahi kufundishwa. Akasema basi kafundishwe, ndiyo tujue.

Nimeacha muda wa kuthibitisha upite. Saa sita usiku nilikuwa macho naitazama simu, mkono unatetemeka, sikubonyeza. Nafasi zote mbili zimekwenda kwa wengine, na nawaombea wazipende.

Narudia yote matatu. Nimetembelea vituo viwili. Cha kwanza mhusika aliniambia maabara ipo ila ufunguo ana mtu aliyesafiri. Cha pili wamenifungulia. Nimeziona galvanomita nne mezani, mbili zinafanya kazi, na mwalimu wa maabara akasema Jumamosi za mwisho wa mwezi tunaruhusiwa. Nimejisajili hapo. Mama alitoa hela kwenye kopo la sukari, zimefungwa kwa raba, noti za elfu moja moja nyingi.

Tumeandikiana na mama mkataba wa maneno. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja namsaidia mahamri. Baada ya hapo sipo, hata aje mgeni gani. Na nimemwahidi kwamba narudia mara hii tu. Matokeo ya Julai yakija bila D ya Fizikia, naomba utabibu kwa cheti changu cha kidato cha nne, siku hiyo hiyo, bila kulia. Kaka tabibu wa Mkinga, nitakutafuta.

Kaka wa Bandarini, Mungu akulipe. Mama anauliza siku hizo za jioni awaletee mbaazi watu wangapi.

Mwalimu, Jumatatu nakuja na mama. Ule ukurasa wa usumakuumeme sijauandika kitu, nimeuacha vile vile. Nije na daftari lile lile, au unataka jipya?

#16 Mwalimu wa Chumbageni

Lile lile. Saa kumi kamili.